Pete za Pipa

Albany, Novemba 1822

Pipa halishikwi kwa gundi wala kwa msumari.
Mbao hubanana kwa sababu ya pete,
na pete hukaa kwa nyundo.
Hayo nilifunzwa na Minkus Teller, mtu mweusi,
fundi wa mapipa, jirani yangu wa benchi,
mimi Barent nikiwa mwanagenzi wa malengelenge
na kitanda cha kukodi juu ya zizi la mjane Ostrom.

Siku zile Minkus alikuwa na kura.
Alipanga nyumba ya vyumba viwili kando ya korongo,
kodi yake ilitosha sheria.
Mimi na kitanda changu hatukutosha.
Kila Aprili alinyoa, akavaa koti la kahawia,
akaenda, akarudi hana hadithi,
ila siku hiyo hapakuwa na aliyemwita
“we kijana.”

Ikoje? nilimuuliza.
Kama kutema mate mtoni, alisema.
Huuoni mto ukijaa.
Lakini mate ni yako.

Mwingereza aliporudi na merikebu zake
Minkus alikwenda Ziwa Champlain.
Alirejea na sikio moja lisilosikia
na kifungo cha shaba cha koti la adui,
akampa bintiye Diaan, akakichezea hadi kikapotea.
Kila Nne Julai mizinga ilipopigwa kilimani
alitabasamu kwa upande mmoja tu wa kichwa.

Kisha wakubwa wakaja kukaa hapa hapa mjini
kuiandika katiba upya.
Nilipeleka mapipa ya pombe ya tufaha, nikakawia mlangoni,
nikasikia neno *watu*
likitajwa kuliko Mungu anavyotajwa kanisani.
Watu wanasema. Watu wanataka. Wengi wape.
Nikatazama viatu vyangu vilivyopasuka:
nami ni watu?
Naam, wakasema, hata asiye na shamba,
hata aliyefanya kazi ya barabara tu.

Nami niliifanya! Siku tatu za Juni,
njia ya kwenda Schenectady,
sururu yangu na ya Minkus zikipokezana,
hii ikishuka, ile ikipanda,
mpaka tukalikuta jiwe kubwa kama ndama
tukalivingirisha pamoja, bega kwa bega,
tukilitukana kwa Kidachi.

Jiwe lile lile.
Mimi likanipa kura.
Yeye likamwachia kiuno.

Kwa maana mstari wa chini waliandika
kwamba mwenye rangi yake lazima awe na ardhi
ya dola mia mbili na hamsini, isiyo na deni.
Minkus alipiga hesabu kwa chaki nyuma ya mlango,
mapipa kwa mapipa, majira ya baridi kwa majira ya baridi,
akafika mwaka ambao Diaan angekuwa bibi kizee,
akafuta kwa kiganja.
Kiganja kikabaki cheupe hadi jioni.

Leo tumepiga kura.
Bendera madirishani, ngoma, mbwa wamechanganyikiwa.
Wachukuzi wa bandarini walikuja na kofia za kuazima.
Karani aliuliza jina, hakuuliza kodi.
Nikaipenyeza karatasi yangu, mkono ukitetemeka,
na nilifurahi. Sitadanganya.
Nilitoka nimerefuka.
Mtu nisiyemjua alinikumbatia, akaniita mwananchi,
akanuka vitunguu, nami nikampenda.

Nikaingia karakana nikiwa bado nacheka.
Minkus alikuwa akipigilia pete,
akilizunguka pipa taratibu, hatua, nyundo, hatua, nyundo.
Koti la kahawia lilining'inia msumarini.
Alikuwa amenyoa.

Ikoje? aliuliza,
akinigeuzia sikio lililo zima.

Nilitafuta mate.
Kinywa kilikuwa kikavu kama randa.