Nne Haikufika

Asubuhi ya Erzurum, nyuzi ishirini chini ya sifuri,
kila anayevuka ua wa hospitali
anatembea na kiwingu chake mdomoni.
Zülal anakitazama chake: kifupi, kimekatikakatika
kama maneno ya mtu aliyefumaniwa.

Wiki iliyopita sindano ilimponyoka mshipani.
Mkono wa mzee wa watu ulivimba, ukavilia damu,
na mzee akamwambia, "Si kitu, binti yangu,"
neno ambalo halijamwacha alale tangu siku ile.

Mwalimu Müzeyyen aliwakusanya wanafunzi wa mwaka wa pili,
kumi na tisa, miguu imefura kwa zamu za usiku,
akasema: wekeni mkono tumboni.
Vuta, hesabu nne. Zuia. Toa, hesabu sita.
Zülal alicheka kichinichini:
nimepumua miaka ishirini bila mwalimu,
leo ndiyo nipewe alama?

Sasa, dakika tisa kabla ya mtihani,
yumo stoo ya mashuka, mlango ameurudisha.
Moja, kodi ya chumba.
Mbili, mama kule Kars, na ng'ombe wawili waliobaki.
Tatu, ule mkono.
Nne haikufika.
Anaanza upya. Nne haikufika tena.
Harufu ya sabuni. Bomba la joto linagonga ukutani.

Wodi ya mapafu, kitanda cha sita.
Bibi Hacer, miaka arobaini mbele ya tanuri la mkate,
hewa anainunua kwa rejareja.
Anaona sinia likicheza mikononi mwa msichana,
vyuma vinagongana kama meno.
"Unazo pumzi chungu nzima," anasema,
anatulia, anaokota nyingine,
"mbona unazimwaga?
Toa kama unapoza chai.
Mimi hivyo ndivyo ninavyofika jioni."

Basi wakapoza chai isiyokuwapo,
mmoja mwenye mapafu mabovu, mmoja mwenye mapafu mazima,
midomo wameibinua kama watoto wanaojifunza mluzi,
na msimamizi, aliyekuwa akiangalia saa,
akaacha kuiangalia.

Pumzi kwao huitwa *nefes*.
Nimeligeuzageuza neno hilo ulimini;
nduguze wako kwetu, nafsi, na nafasi.
Na pumzi yetu wenyewe,
ukiirefusha kidogo tu, hupumzika.

Sindano iliingia. Si kwa ustadi. Iliingia.
Damu ikachungulia mrijani, tone moja, jekundu, tiifu.
Alama sabini na moja. Mkono wa kushoto
ulitetemeka hadi mwisho,
na imeandikwa hivyo kwenye fomu.

Jioni, kituo cha basi, theluji inalia chini ya viatu.
Zülal anatoa pumzi, anaitazama ikienda zake,
moja, mbili, tatu.
Basi linafika. Analipanda akiwa bado anahesabu.