Mafungu Tisa

Fungu la kumi halikuwa na neno.
Nililichuja mara mbili kwa kitambaa cheupe,
nta nikaiondoa kwa ncha ya kisu,
Jumapili nikalipeleka, chupa imefutwa,
na mzee Msabila wa hazina
akaiinua kwenye mwanga wa dirisha:
"Asali ya Nyamizi, mnaiona?"
Washarika wakaiona.
Nami nikajiona.

Tisa yalibaki nyumbani Sikonge,
uvunguni, yakiingojea Jumatatu.

Sukari kilo mbili, maji, ndimu kidogo isigande,
moto wa mbali. Kijiti. Subira.
Watoto wamelala, nami nakoroga
huku naimba pambio chini chini
(kweli, naimba pambio),
rangi inaingia rangi hata usijue
nyuki aliishia wapi, nami nilianzia wapi.

Kisha Tabora, stesheni,
chupa za konyagi zilizooshwa zimejaa beseni,
treni ya Kigoma inasimama kwa kuugua,
mikono inachomoza madirishani.
"Ni halisi, mama?"
"Halisi, baba, ya miombo."
Filimbi. Behewa la mwisho.
Uongo wangu nao umekwea, unakwenda zake
Kaliua, Uvinza, hadi reli inapoishia,
na abiria harudi kudai.

Usidhani sikuomba.
Niliomba ada ya Kalunde,
niliomba mapafu ya mume wangu,
yaliyokaushwa na moshi wa mabani ya tumbaku.
Niliomba kwa mikono inayonata.
Nikamwambia Mungu: chako umepata, tena safi,
hivi vingine niachie, vina kazi.
Nikampa chumba cha mbele,
chenye vitambaa vya kufuma juu ya makochi.
Jikoni nikafunga kwa ndani.

Mgeni yule hakugonga.
Lakini pua anayo.

Mwezi wa tatu maji yakasomba tuta la reli,
treni ikalala Tabora.
Asubuhi abiria mmoja akanirudia,
mtoto mgongoni, mkono wake umeungua uji,
kidonda kimelowa, inzi hawabanduki.
Nikajiandaa kutukanwa.
Akasema, "Mama, nadhani nilipaka kidogo.
Niongezee nyingine."
Akanyoosha noti, imekunjwa mara nne.

Kikapuni mwangu, chini ya kanga,
ilikuwemo chupa ya Jumapili.
Nikampa ile. Noti sikuishika.
Siku hiyo fungu la kumi lilipanda treni.

Jumapili nilikwenda mikono mitupu.
Mzee Msabila akatazama mikono, akatazama dirisha.
"Leo nyuki wamegoma?"
Nikasimama. Magoti yalitaka kukaa, mimi nikakataa,
au mimi nilitaka, magoti ndiyo yaliyokataa. Sikumbuki.
Nikasema yote: sukari, ndimu, kijiti, stesheni.
Hakuna aliyeitikia amina.
Benchi la mbele mtu alikohoa.

Sasa nauza chupa nne palipokuwa na kumi,
bei imepanda, wateja wananuna,
Kalunde amekaa nyumbani muhula mzima
akinitazama kwa macho ya baba yake.
Siwezi kusema ni rahisi.
Kuna usiku mkono unainuka wenyewe
kuelekea kopo la sukari,
nami nauita kama mtu anavyoita mtoto
aliyekaribia kisima: rudi, wewe, rudi.

Sufuria lile nalipikia maharage.
Nimelisugua kwa mchanga, nimelisugua kwa jivu,
bado yanaiva na kautamu.
Tunakula hivyo hivyo.
Mlango wa jikoni siufungi tena.
Akitaka, aingie aonje.