Kumi, Labda Kumi na Mmoja

Rozálie alikuwa ameshachagua tangu tukiwa kwenye tramu:
mwekundu mmoja, wa bluu mmoja, wa mistari mmoja,
na yule mdogo kuliko wote, popote atakapokuwa,
"ili kila mmoja awe na jina lake."
Majina aliyaandika kwa kidole kwenye dirisha lenye ukungu,
na kabla hatujavuka mto
yote yalikuwa yamechuruzika hadi chini.

Duka liko chini ya ardhi, ngazi tisa.
Nje theluji ya Ostrava, nyeusi pembeni;
ndani joto la bafuni. Miwani yangu ikapofuka,
nikaongozwa na mkono wa mtoto wa miaka saba
kati ya kuta za maji zinazonguruma kwa sauti ya chini.

Dagmara, mikono ya sweta imemlowa hadi viwikoni,
hakuuliza tunataka samaki gani.
Aliuliza tangi ni la lita ngapi.
Sitini. Aliniachia mpangaji aliyehama.
Wiki ya sita sasa lina maji matupu,
chujio linazunguka, taa inawaka,
nami nalikodolea macho kila jioni
kama televisheni iliyozimwa.

Maji je? Ya bomba.
Nilikuwa nayo kidogo kwenye chupa ya haradali.
Akadondosha dawa, akatikisa, akahesabu kwa midomo;
tone la kumi na sita ndipo rangi ikageuka.
"Magumu," akasema, "kama wenyeji."

Rozálie alishabandika pua kwenye kioo cha neoni:
uzi wa bluu, mkia kama kiberiti kilichowashwa,
mia mbili wakigeuka kwa pamoja,
ukurasa unafunuliwa, unafunikwa.
"Hawa," akasema. "Mmoja wa hawa."

"Hao wanapenda maji laini, ya rangi ya chai.
Kwenu wataishi, lakini kwa kuvumilia.
Na mmoja siuzi."

Mwanangu akafungua ngumi. Sarafu zilikuwa na jasho.

"Siuzi mmoja. Akiwa peke yake hali.
Hujibanza nyuma ya hita, rangi inamtoka,
kitasa kikilia tu, anaruka.
Huyo si samaki mmoja, ni kipande cha samaki."

"Wangapi ndio hawaogopi?"

"Sita wanaanza kusahau. Kumi wanacheza."

Nilimwona akihesabu vidole nyuma ya mgongo.
Sikumuuliza anahesabu nini.
Kwa mama yake, na Luboš, na wale mapacha, wako watano.
Kwangu Jumamosi tuko wawili.
Jumatatu, basi, hatukuja dukani kwa ajili hiyo.

Tukachukua danio.
Bei ya mkate, wale unaowapita ukitafuta wengine,
hawachagui maji, hawajali baridi,
wanakimbizana kutwa, hakuna anayefika.
Rozálie hakuwapenda. Alinuna.
"Wamevaa pajama," akasema,
kisha akalisikia alilolisema, akacheka hadi akakaa chini.

Wavu ukazama mtupu, ukatoka unarukaruka.
Mfuko, nusu maji, nusu hewa, umeviringishwa gazeti;
aliubeba ndani ya koti, juu ya tumbo,
vituo kumi na vinne bila kusema neno.

Nyumbani tuliuelea mfuko, tukaongeza maji kikombe kwa kikombe,
tukazima taa, tukanong'ona bila sababu.

Jumapili, kwenye ngazi, koti limeshafungwa hadi kidevuni,
akageuka:
"Baba, siwezi kuwatofautisha. Nitawapaje majina?"
Gari lilikuwa linapiga honi. Sikupata jibu.

Leo ni Jumatano, saa tano usiku.
Nimevuta kigoda, nimewahesabu.
Tisa. Kumi. Wakapita nyuma ya jiwe,
wakatokea kwingine, nikaanza upya.
Kumi na mmoja.
Risiti inasema kumi, nimeibandika hapa kwenye friji.
Kumi na mmoja tena.

Kesho akipiga simu akauliza, nitasema sijui.
Nitasema hawatulii, macho yangu mabovu,
aje ahesabu mwenyewe.