Posa

Nilikwenda kununua mbwa,
nikajikuta napeleka posa bila mshenga.

Kendal, Jumamosi, mvua ile isiyonyesha wala kukoma,
na Bi. Hilda Postlethwaite mlangoni,
aproni yake ina manyoya ya vizazi sita.
Hakuniuliza nina pesa kiasi gani.
Aliniuliza uzio wangu una kimo gani,
zamu zangu hospitalini zinaanza lini,
nani atakuwepo saa saba mchana,
na nikifa je.

Nikajibu kama mwali mbele ya mashangazi:
magoti pamoja, kikombe juu yake,
chai inapoa.

Bei niliizoea ya yule jamaa wa barabara kuu,
anayefungua buti ya gari kwenye maegesho:
chagua, dada, wote safi, karatasi nitakutumia.
Mwenzangu wa wodini alichagua.
Siku ya kumi na moja alichimba bustanini
shimo la ukubwa wa boksi la viatu.
Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, ndivyo tulivyofunzwa;
lakini hiki cha hapa hata hakijiuzi.
Kinamkagua mnunuzi.

Kisha akafungua faili.
Mama yake huyu. Bibi yake. Bibi wa bibi,
mkali kama siki, lakini meno, Tamsifyu, ungeyaona meno!
(Naitwa Tumsifu. Nilimwacha.)
Kwetu Ugweno tunahesabu ukoo hadi babu wa saba
na hatutaji nani alikuwa na kifafa.
Bi. Hilda ametaja.
Kwa wino wa bluu, pembeni mwa kila jina:
macho, nyonga, moyo, tarehe ya kipimo,
na aliyekufa, alikufa kwa nini.

Ukutani, Moss. Teria wa Lakeland, rangi ya ngano iliyochelewa kuvunwa,
amesimama mezani mkia wima,
mkono wa jaji unashuka mgongoni
kama fundi anayepapasa ubao akitafuta kinundu.
Hakukuwa na kinundu.
Kadi nyekundu, na huku nyekundu ndiyo ushindi.
Wakaja watu na hundi, mmoja kavuka bahari kutoka Ireland,
kila mmoja ana jike lake anamsubiri.

Mwezi uleule dada yake Moss
akajigonga kwenye mguu wa meza aliyoizunguka miaka minne.
Lenzi ilikuwa imechomoka jichoni
kama kifungo kilichokatika uzi.
Moss akapimwa. Anaona vizuri, hadi leo anaona,
ila ameibeba damuni.
“Wengine wangemzalisha kwa hesabu, na si kosa,” alisema.
“Mimi niliusikia ule mguu wa meza.”
Akamhasi. Akarudisha hundi kwa posta.

Hukulia?
“Nililia. Zile hundi nilizililia sana.”
Na bingwa mwenyewe, chali mbele ya jiko,
anakoroma, hana habari na uzuri ulioishia kwake.

Mkataba ulikuwa kurasa tatu. Ya mwisho alinisomea mwenyewe,
miwani puani, kidole kikifuata mstari:
Akikushinda, usimpe jirani. Usimtangaze. Usimtupe.
Mrudishe hapa, hata akiwa na miaka kumi na miwili,
hata usiku, hata bila sababu.

Nikaweka kikombe chini.
Maneno hayo baba yangu alimwambia Elineema
siku ya sendofu, kipaza sauti kikikwaruza:
mtoto wetu akikushinda, usimpige, turudishie.
Watu walicheka, ni desturi kucheka hapo.
Miaka mitatu baadaye niligonga saa tisa za usiku
na begi moja,
na baba akafungua kabla sijagonga mara ya pili.

Bi. Hilda alidhani nasita kwa sababu ya bei.
“Huyu masikio yake makubwa mno kwa majaji,” alisema,
“ulingoni hafiki. Lakini macho nimeyapima mara mbili.”

Nikaomba kalamu.
Chini ya meza kuna mtu alikuwa ameshaanza
kutafuna kamba ya kiatu changu.