Rangi Mbili

Mselem alitaka kijani. Mimi nilitaka nyeupe.
Siku tatu mkebe haukufunguliwa,
mashua imelala ubavu kwenye tope la Tudor
kama ng'ombe aliyesusa kuamka,
na bamvua haliwangojei wanaogombana.
Mwisho tukagawana: ubavu wa kulia wake,
wa kushoto wangu,
kila mtu na brashi yake, bila kusemezana,
mpaka tukakutana omoni.
Pale ilitoka rangi ya tatu. Hatujaipa jina.

Miaka thelathini na mmoja, ndani ya kreni kule Kilindini,
alinyanyua makontena ya watu.
Hata moja halikuwa letu.
Kiinua mgongo kilipotoka tukanunua chombo,
na mgongo wenyewe ukakataa kuinuka.
Basi chini ya mkuku huingia mimi,
leso kiunoni, kikwanguo mkononi,
vijichaza vikinidondokea shingoni.
Yeye hukaa juu ya ndoo, anipokeze spana:
"Kumi na saba. La, kumi na tisa."
Thureya hupiga simu toka Muscat: Mama, iuzeni.
Simjibu vizuri. Nina pamba ya kalafati menoni.

Mbao tumebadilisha nne, pampu mara mbili.
Dizeli tunaichuja kwa kipande cha leso yangu kuukuu;
katika jina lake limebaki neno moja tu:
UTACHOKA.

Jumapili tukazunguka kisiwa.
Chini ya daraja la Nyali, magari yakinguruma vichwani,
kisha nje, mawimbi yakatupima uzito.
Nilikumba maji ndoo ishirini na mbili.
Yeye asema ishirini.
Likoni feri ikatupigia honi, tukapisha
kama watoto waliokutwa sebuleni na wageni.
Kilindini akapunguza mwendo.
Juu, kreni yake. Ndani yake, kijana wa watu.
Mselem akapunga mkono.
Kijana hakuona. Kutoka kule juu,
aliwahi kuniambia, binadamu ni punje ya mchele.
Nikamtilia chai, nikamkatia mkate wa mofa.
Hatukulizungumza.
Makupa maji yalikuwa yamejaa;
tukainamisha vichwa sote wawili,
ingawa daraja liko juu sana.

Tulipotia nanga, muuza dukani akaniuliza:
"Kumbe mashua yenu ni ya kijani?"
Hapo ndipo nilipofahamu.
Siku nzima kisiwa kilikuwa kuliani kwetu!
Mji mzima umeona rangi ya Mselem;
nyeupe yangu imeonwa na mikoko,
na Mtongwe, na meli moja ya ngano.
Alicheka hata akakohoa,
nikampiga mgongo, polepole, pale panapouma.

Haidhuru. Liko bamvua jingine.
Nimeshamwambia: safari hii twaanzia Makupa,
tuzunguke kinyume.