Bega la Kushoto

Gari letu lilizaliwa Japani na bado linaota kwao.
Kioo chake kinatuchora tukielea
katikati ya bahari ya buluu,
huku magurudumu yanatafuna vumbi la Usoke.

Sauti yake, bibie mpole, huamka kila nikiwasha.
Husema maneno marefu kama anayeinama mlangoni,
nami humjibu, "Marahaba, dada,"
maana sijui anatusalimu au anatuonya.

Usukani ulifundishwa kutetemeka gari likiacha mstari.
Mstari upi, huku?
Tukishaiacha lami kila kitu hutetemeka:
madumu ya asali, meno yangu,
pete iliyokulegea kidoleni.

Kwa hiyo ramani ni wewe, Kasanda, usiyesikia
honi wala radi wala mimi nikiimba vibaya.
Kidole kimoja, bega la kushoto: kunja.
Viwili: bado, ila jiandae.
Kulia, unazungusha mkono nyuma ya kiti.
Kiganja kizima mgongoni: polepole,
kuna mchanga, kuna mbuzi,
kuna mtu na baiskeli ya mkaa.
Macho yangu hayabanduki njiani.

Jumanne ile tuligombana, fedha za mizinga.
Nilisema kwa mdomo, nikasema kwa mikono,
na neno moja nililisema kwa mikono tu;
hilo ndilo lililouma.
Ukaificha yako kwapani.
Huko ndiko kunyamaza kwako.

Bega langu likakaa kama redio iliyokwisha betri.
Nikayapita mabani ya tumbaku, nikakipita kisima cha pampu,
miombo ikafunga mlango nyuma yetu.
Yule dada wa dashibodi akasema jambo,
akalirudia, kwa adabu ileile,
na kwa mara ya kwanza nikadhani nimemwelewa:
tumeshapotea, mama, kitambo.

Nikasimama. Nikazima.
Sikuomba radhi; mikono yangu ilikuwa imeshika usukani
na haikujua kuachia.
Nililiinamisha bega upande wako,
kama ng'ombe anayetafuta mti wa kujikuna,
nikangoja.

Ilichukua muda. Siafu walivuka njia,
nikajaribu kuwahesabu.

Kisha kidole.
Kimoja.

Kushoto hapakuwa na njia,
nyasi tu, na kichuguu, na alama za kwato.
Nikawasha gari.
Nikakunja.