Mkanda

Pampu tuliinunua mnadani, shamba la akina Kowalchuk,
kaskazini mwa Yorkton, mwezi wa nne,
matope yakiwa bado na barafu tumboni.
Dola arobaini, kwa kuwa hakuna aliyejua kama inazunguka.
Bohdan aliishika shafti kwa vidole, akaipindua,
pistoni tatu za kauri zikapumua kwa zamu,
fyu, fyu, fyu,
akanitazama bila kusema kitu.
Kwake yeye hiyo ni hotuba.

Injini tulikuwa nayo, nguvu za farasi wanane,
tuliing'oa kwenye mashine ya theluji iliyooza chini.
Likabaki swali la katikati.

Kaka yangu ni mtu wa moja kwa moja.
Shafti kwa shafti, alisema, bolti nne,
basi, kesho tunaosha kombaini.
Nikamsomea kibati kilichobanwa ubavuni mwa pampu,
herufi nimezisugua kwa petroli na mswaki mkuukuu:
mizunguko elfu moja mia nne na hamsini kwa dakika, isizidi.
Injini yako, nikasema, inakwenda elfu tatu na mia nne.
Utaiua kabla ya chakula cha mchana.
Basi giaboksi.
Giaboksi ni bei ya ndama.
Basi wewe unataka nini?
Mkanda.
Mkanda unateleza, akasema.
Ndiyo, nikasema. Ndiyo maana.

Nilipiga hesabu kwenye gunia la mbegu, kwa chaki:
puli ya inchi tatu huku, ya inchi saba kule.
Ikaja elfu moja mia nne hamsini na saba.
Saba za ziada nikazisamehe.

Zamani Mama ndiye aliyekaa kati yetu.
Maneno ya Bohdan yalitoka ghalani na kasi yake yote,
yakifika jikoni kwangu yamepunguzwa.
"Kaka yako anauliza kama umechoka,"
na mimi nilikwisha msikia, kupitia ukuta, akiniita mvivu.
Tangu tumzike, fahali wawili, zizi moja,
na majira ya baridi ya miezi sita.

Hayo sikumwambia.
Nilimwambia: nishikie tochi.

Akachomelea fremu kwa vyuma vya kitanda cha zamani.
Mimi nikazilinganisha puli kwa uzi wa kufumia,
nikaubonyeza mkanda kwa gumba: nusu inchi, usikaze zaidi.
Tukavuta kamba. Mara ya nne ikawaka.

Valvu ya kurudisha maji, bila shaka, tuliifunga kinyume.
Bohdan alipoachia bunduki ya maji
hosi ikafura kama shingo ya bata mzinga,
fremu ikatetemeka, mkanda ukapiga yowe,
ukatoa moshi wa mpira, ukateleza
ukateleza
mpaka alipoifikia swichi.

Kimya. Tukahesabu vitu kwa macho:
pistoni zipo, shafti imenyooka, vidole kumi, vidole kumi.
Akaugusa mkanda, ukamchoma, akanyonya kidole.
Sawa, akasema.
Miaka thelathini na minane namjua, sikuwahi kulisikia neno hilo.

Kombaini ikangoja. Tulianza na sakafu ya ghala,
oili ya vizazi viwili, samadi, manyoya ya kuku.
Saruji ilijitokeza kwa vipande vyeupe, kama meno.
Karibu na mlango, chini ya pipa la grisi,
nyayo za mbwa. Nne, kisha mbili zilizoburutwa,
pale alipofukuzwa saruji ikiwa mbichi.

Burko, nikasema,
na yeye akasema Burko, sauti zikagongana,
kisha akaipunguza injini
ili nimsikie akinisimulia
jinsi Baba alivyomrushia mwiko akamkosa,
na jinsi Mama alivyokataa pazibwe.

Hadithi ninaijua. Nilikuwepo.
Nikamwacha aseme.

Pampu bado inavuja tone moja, sili ya pili.
Tumeweka kopo.